Shoka la Kilo Nne

Diff, 14 Januari 2025

Mdogo wangu Bishar,

Salaamun alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Iftin, Garissa, wewe na mkeo Nasteho, na kwamba goti la hooyo, mama yetu, limetulia. Mimi sijambo. Mbuzi saba wamezaa. Mmoja alizaa mapacha akamkataa mmoja, nikamlea kwa chupa, na sasa ananifuata mpaka hotelini akidhani mimi ndiye mama yake. Mnara wa simu bado umelala, hii ni wiki ya sita, kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu na lori la Abdisalam. Silalamiki. Kwenye simu ulikuwa unakata kila nilipofika kwenye jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Eda yangu iliisha tarehe nne. Miezi minne na siku kumi nimekaa kama dini inavyotaka, nikamlilia Abdikarim kama mke anavyomlilia mume aliyeishi naye miaka ishirini na saba. Tarehe tano nilifungua hoteli. Tarehe sita Issack, kaka wa marehemu, alisimamisha mkokoteni wa punda mlangoni akashusha kuni zilizokwisha kuchanjwa, akazipanga mpaka kimo cha kifua. Jumatatu iliyofuata akaleta tena.

Umezaliwa huku, unajua maana yake. Mjane akizichoma kuni za ndugu wa marehemu, mji mzima husema dumaal imeanza, mjane amerithiwa, amebaki sheikh tu. Sijazigusa. Ziko palepale, mbuzi wanazikojolea.

Issack si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Anaamini anatimiza wajibu. Lakini nikienda kwake nitakuwa mke wa pili kwenye boma la ngamia, mwendo wa nusu siku kutoka hapa, na hoteli itafungwa. Halafu dumaal iliwekwa kwa ajili ya yatima, wasije wakalelewa na ukoo mwingine. Mimi Mungu hakunijalia mtoto. Issack anakuja kumlea nani, sufuria?

Wanawake wauza kuni wananiletea magogo mazima ya mgunga, makavu, magumu kama mfupa. Nimewaomba wanaume watatu wanichanjie. Wote wamekataa, eti kwa heshima ya Issack. Shoka la marehemu ni la kukatia miti. Lina ubavu mwembamba, linazama kwenye gogo na kung'ang'ania humo. Nataka shoka la kupasulia, lenye kichwa kinene kama kabari na mgongo bapa. Wewe una duka la vifaa. Nichagulie ambalo mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye bega la kulia lenye manung'uniko, anaweza kuliinua mara sitini kwa asubuhi moja. Nyama ya ngamia hutaka moto wa saa tatu mfululizo. Nikikosa kuni nene nimekosa nyama, nikikosa nyama nimekosa hoteli, nikikosa hoteli nitaambiwa nina kiburi gani cha kumkataa Issack.

La pili. Nasikia Issack na wazee wawili walishuka Garissa wiki iliyopita. Walipita kwako? Walitaka nini? Na wewe, ambaye baada ya baba ndiye walii wangu wa ndoa, uliwajibu nini?

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika, na kwa sababu Issack hakisomi.

Dada yako,
Safiyo


Garissa, 2 Februari 2025

Abaayo Safiyo,

Waalaykum salaam. Barua yako ilifika jana. Abdisalam alikwama Habaswein siku tano na gurudumu. Sisi hatujambo. Goti la hooyo linapanda na kushuka. Nasteho ameweka cherehani uani na sasa nyumba nzima ni nyuzi, jana nimeikuta moja kwenye uji. Joto la hapa unalijua.

Kuhusu shoka. Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini hapa umenigusa kazini. Watu wanaingia dukani wanasema "nipe shoka" kana kwamba shoka ni moja. La kukatia mti hukata nyuzi za mti kwa makali. La kupasulia halizikati, linazitenganisha, ndiyo maana halihitaji kuwa kali sana. Ukilinoa kama wembe litakwama kama hilo la marehemu. Kinachofanya kazi ni unene wa mashavu yake.

Mpini nimekuchagulia wa mti. Mafundi wa jua kali hapa huchomelea bomba la chuma kwenye kipande cha springi ya lori, na watu wanapenda kwa sababu hauvunjiki. Ni kweli hauvunjiki. Kinachovunjika ni viwiko vyako, maana mshindo wote unarudi mkononi. Ile mipini ya plastiki ngumu hailegei kwa joto, lakini ikipasuka, Diff utampata nani akubadilishie? Wa mti ukilegea, tumbukiza kichwa kwenye ndoo ya maji kutwa nzima, utavimba na kushika.

Uzito ni kilo nne. Ndilo zito kuliko yote niliyo nayo. Usiogope, uzito ndio unaofanya kazi badala yako. Unaliinua tu, linaanguka lenyewe. Abdisalam analo garini.

Hao wageni, ndiyo, walipita. Walikunywa chai. Tulizungumza mvua na mifugo. Mengine tutaongea mnara ukiamka.

Ila abaayo, dada yangu, zile kuni za Issack zipo tayari. Kwa nini zioze?

Ndugu yako,
Bishar


Diff, 26 Februari 2025

Bishar,

Salaamun alaykum. Mwambie hooyo nimempata yule mama wa mafuta ya mamba anayedai yanaponya magoti. Siamini hata kidogo, lakini namtumia chupa. Ramadhani inaingia wiki hii, Mungu atufikishe. Nasteho mwambie uzi kwenye uji si kitu, mimi nimepata msumari kwenye mchele.

Shoka lako limefika. Pigo la kwanza gogo lilifunguka kama tikiti, nikasema kumbe ndugu yangu ana akili. Pigo la kumi bega lilianza manung'uniko yake. Pigo la kumi na tano shoka ndilo lililokuwa likinipeleka linakotaka. Lilikosa gogo, likazama ardhini upana wa kidole kutoka mguuni mwangu. Ramlo wa duka la jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe.

"Safiyo," akasema, "unachanja kuni au unachimba kisima?"

"Nachimba kaburi la aliyelichagua."

"Basi ongeza upana. Bishar amenenepa."

Sasa nisikilize, wewe uliyeandika kwamba uzito unafanya kazi badala yangu. Hiyo ni hoja ya mtu asiyeinua. Kwenye sanduku nililotoka nalo shuleni kuna kitabu cha fizikia cha kidato cha pili. Kinasema kitu kinachosogea, ukikiongezea uzito mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara mbili. Ukikiongezea mwendo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Soma tena sentensi hiyo. Shoka la kilo mbili na nusu ninaloliteremsha kwa kasi ninayoitaka linalishinda hilo jiwe lako ninaloliburuta hewani. Uzito unamfaa mtu mrefu mwenye mgongo wa kupakia magunia. Nimekuandikia urefu wangu, nimekuandikia umri wangu, nimekuandikia bega langu. Ulisoma nini?

Mwaka juzi walikuja hapa watu wa mradi, wakatukusanya wanawake arobaini chini ya turubai kutufundisha kuwasha moto. Sisi! Mwalimu alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Nilidhani ujinga wa namna hiyo unatoka mbali. Kumbe unapatikana hata Iftin, kwa mtu niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe. Wanaoamua juu ya kuni siku zote ni wale wanaoota moto, hawa wanaozibeba hakuna anayewauliza.

Nataka la kilo mbili na nusu. Mpini wa sentimita themanini, si tisini. Kwa sasa nachoma vijiti. Vinawaka kwa fujo na kuzima kabla nyama haijalainika, na wateja wameanza kutafuna huku wakinitazama. Wawili wamehamia kwa mwenzangu wa karibu na soko la mifugo.

Na kuhusu wazee: chai mliyokunywa haikuwa swali langu.

Safiyo


Garissa, 15 Machi 2025

Abaayo,

Ramadhani karim. Sote tunafunga, hata hooyo, tumemkataza hasikii. Mafuta ya mamba amejipaka na anasema goti limepata joto. Nasteho amesema ni pilipili.

La kilo mbili na nusu limekwisha dukani. Nimeagiza.

Wakati ukingoja, usipige gogo katikati. Tazama uso wake uliokatwa. Mgunga ukikauka hutoa nyufa ndogo kama miale. Fuata ufa, anzia ukingoni, pasua pande, mwisho ubaki moyo. Penye fundo usipambane napo, geuza gogo upande ule. Gogo la kuchanjia liwe chini ya goti. Shoka likikosa litue juu yake, lisikufikie mguuni. Ukishusha shoka, kunja magoti.

Lakini huu ni mwezi wa saumu na wewe una kiu. Mwezi mtukufu chukua kuni zilizopo mlangoni, hakuna atakayekuhukumu kwa hilo.

Tuyaache mengine mpaka Idi.

Bishar


Diff, 9 Aprili 2025

Bishar,

Salaamun alaykum. Idi ilikuwa njema. Mvua ya gu, masika yetu, imeanza na njia ya Habaswein itafungika wakati wowote, kwa hiyo naandika haraka. Mbuzi wazima. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Siku ya pili ya Idi Issack alikuja kunipa mkono wa Idi, na kanzu mpya, na heshima zake zote. Nikampa chai. Akazitazama kuni zake, safu sita sasa, za chini zimeanza kuliwa na mchwa.

"Mbona huzitumii?"

"Kuni zako zina maneno ndani yake, Issack."

"Maneno yalikwisha Garissa," akasema, bila hila yoyote, kama mtu anayenikumbusha siku ya soko. "Ndugu yako alisoma Fatiha na sisi sebuleni kwake. Mwezi wa kwanza. Hakukuambia?"

Nilikuwa nimeshika birika, Bishar. Nililiweka chini polepole nisije nikamrushia.

Mvua na mifugo! Mliinua mikono, mkaniombea dua ya ndoa, halafu ukaketi ukaniandikia ukurasa mzima juu ya mipini. Mjane hasemewi, dini yenyewe inataka aulizwe na ajibu kwa ulimi wake. Bikira ndiye ambaye kimya chake huhesabiwa. Mimi nilikuwa kimya lini katika maisha yangu?

Na bado sijamaliza. Abdisalam alipokuja kuchukua barua hii nilimlalamikia uzito wa shoka lako, akacheka. Alisema, "Hata mimi nilimwambia Bishar hili ni zito kwa mwanamke. Yalikuwapo matatu madogo kwenye rafu, mekundu. Akaniambia, peleka hilohilo." Nikamuuliza habari ya safari iliyofuata, ile ya Ramadhani. Bado yapo, akasema, matatu yote, ameyaona kwa macho yake.

Abdisalam hana habari ya chochote, na kwa hiyo namwamini.

Sikuulizi tena habari ya wazee. Nakuuliza hili moja. Ulinichagulia shoka nichanjie kuni, au ulinichagulia nishindwe?

Safiyo


Garissa, 11 Mei 2025

Abaayo Safiyo,

Salaam. Njia ilifungwa, lakini hiyo si sababu. Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na moja Aprili na Abdisalam ameondoka mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili nilimwambia sina mzigo.

Hooyo na Nasteho wazima.

Ushindwe. Hilo ndilo jibu.

Sikulisema hivyo moyoni mwangu siku ile. Nilisimama mbele ya rafu, nikayainua yale madogo, nikaona linalokufaa, tena upesi, maana hii ni kazi yangu. Halafu nikafikiri: akichoka atazitumia kuni za Issack, na akizitumia jambo litaisha lenyewe bila mimi kumwambia. Nikachukua la kilo nne. Ulipoandika lilikosa mguu wako kwa kidole kimoja, nilikaa nyuma ya magunia ya saruji kwa muda. Nasteho alidhani nahesabu.

Kuhusu Fatiha. Walikuja watu wazima, wakasema dada yako yuko peke yake mpakani, hana mtoto, wewe ndugu yake hujafika huko miaka minne. Ni kweli sijafika. Niliona aibu. Wakasema Issack yuko tayari. Wakainua mikono, na mimi nikainua. Abaayo, usidhani nilikuwa nakutakia mabaya. Nilitaka jukumu lako liwe kwa mtu mwingine nipate kupumzika. Sijui kama hilo ni bora au ni baya zaidi.

Hooyo aliposikia hakunifokea. Aliuliza, "Safiyo alisema nini ulipomuuliza?" Hajanitajia tena, lakini chai yangu siku hizi ananiletea Nasteho.

Sasa shoka. Safari hii sikuchagua mimi. Nasteho ana kimo chako. Nilimwita uani, nikaweka mashoka manne na magogo ya mathenge, nikamwambia apige. La kwanza alisema linamvuta. La pili mpini ni mnene, vidole havikutani. La tatu alipiga mara ishirini akaanza kuimba. La nne hakuligusa, alisema ameshapata. Kisha akanitazama. "Miaka kumi na minane unauza mashoka," akasema, "na hujawahi kumpa mwanamke ajaribu." Mjibu wewe.

Ni la kilo mbili na nusu. Mpini nimeukata sentimita themanini na kuupiga msasa. Rangi ya mpini nimeikwangua yote maana huteleza kwa jasho, nimepaka mafuta ya ufuta. Nyuzi za mti zinakwenda sawa kutoka kichwani mpaka mwisho, nimeukagua juani.

Pamoja nalo kuna karatasi ya pili, kwa wazee. Nimesema Fatiha ile ilisomwa bila ridhaa yako na kwamba naiondoa. Wasomee.

Bishar


Diff, 30 Mei 2025

Bishar,

Salaamun alaykum. Malisho yamekuwa mazuri, maziwa tunamwaga. Mshukuru Nasteho, na umwambie shoka lake nalitumia kila asubuhi baada ya alfajiri. Narudia: lake. Asubuhi ya kwanza nilipasua magogo tisa na bega halikusema kitu. Ramlo aliomba ajaribu, akapasua mawili, na sasa anataka la kwake. Wale wateja wawili wamerudi. Hawakuomba radhi, waliomba nyama.

Ulichoniandikia nimekisoma mara moja tu. Sijakusamehe bado, nikikusamehe haraka utajifunza kitu kibaya. Lakini umekiri kwa mkono wako, na ni wachache wanaofanya hivyo.

Sasa ubaya. Jumapili niliwaita wazee watatu pamoja na Issack, nikawasomea karatasi yako, nikaifasiri neno kwa neno. Mzee wao akaomba aishike. Akaigeuza huku na huku.

"Iliyosomwa Garissa ilisomwa kwa mdomo," akasema. "Hii haina mdomo."

"Ina sahihi ya ndugu yangu."

"Anayeisoma ni wewe. Anayeifasiri ni wewe. Anayenufaika ni wewe. Ungekuwa mahali petu ungesemaje?"

Nilitaka kumrukia, Bishar, kisha nikacheka, kwa sababu ningesema vilevile. Nimewaambia kwa ulimi wangu kwamba sikubali. Wakaitikia kwa vichwa, wakasema mjane huona haya mwanzoni, na kwamba neno la walii ndilo walilopewa na ndilo walilo nalo. Mimi, kuona haya! Sheikh anajua haki yangu na amenong'ona kwamba hatafunga ndoa bila neno langu, lakini amenong'ona, na baada ya kunong'ona akanywa chai na Issack. Wameweka Ijumaa ya mwisho ya Juni. Ng'ombe wa karamu amekwisha chaguliwa.

Nitakataa mbele yao siku hiyo hata wakiwa mia. Lakini nikikataa huku neno lako limesimama, nitakuwa mwanamke aliyevunja Fatiha ya ndugu yake, na hakuna atakayekula hotelini kwa mwanamke huyo. Unajua hivyo. Njoo useme kwa mdomo. Mdomo uliofunga jambo ndio ulifungue.

Safiyo


Modogashe, 18 Juni 2025

Abaayo,

Salaam kutoka njia panda. Nilitoka baada ya Idi ya kuchinja. Hooyo alinifungia safari mwenyewe, tende na kisibao cha baba, na nilipopanda lori akasema, "Nenda." Springi ya lori imekatika hapa na Abdisalam anangoja nyingine kutoka Isiolo. Siku mbili, tatu. Nimempa barua hii dereva wa gari la maji anayefika Diff kesho.

Usiwaambie chochote kabla sijafika. Siyo kwamba huwezi. Kosa ni langu, nataka kulitamka mimi. Tangu Garissa nimekuwa nikijizoeza maneno. Abdisalam ameyasikia mara nyingi mpaka ameanza kunisahihisha.

Kama lori halitapona, nitakuja kwa miguu na wachunga ng'ombe.

Bishar


Diff, 12 Julai 2025

Mdogo wangu Bishar,

Salamu zitasubiri chini. Leo naanza na jambo.

Ulipoondoka ulikuwa bado unaona haya, kwa hiyo nakuandikia ulivyokuwa, maana mtu hajioni. Ulisimama mbele ya watu thelathini ukiwa na vumbi la siku nne. Maneno yote uliyojizoeza yalikupotea, Abdisalam alikuwa akikunong'onezea nyuma kama mtoto wa darasani. Ukasema, "Nilisoma Fatiha juu ya mtu ambaye sikumuuliza. Nimekosa. Naiondoa." Basi. Yule mzee akakuuliza, "Umesafiri njia yote hiyo kuja kutuambia ulikosea?" Ukasema ndiyo. Akauliza, "Huoni aibu?" Ukasema, "Naiona. Ile ya Garissa ilikuwa kubwa zaidi." Ndipo akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Januari mtu aliniuliza swali na kungoja jibu. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nayo ya dakika arobaini, yenye vifungu, nimeiandaa tangu mwezi wa nne. Nikasema tu, "Hapana." Ilitosha, na bado inaniuma kwamba ilitosha.

Faini ya kondoo wanne waliyokutoza kwa kuchezea neno ilikuwa haki, hata kama uliikunjia uso. Walichinjwa, wakaliwa hapahapa hotelini, na moto niliutunza mimi.

Issack alizipakia kuni zake siku iliyofuata, zile ambazo mchwa hawajazila. Mke wake Weris ndiye aliyeendesha punda, na sikuwahi kumwona mwanamke mwenye furaha namna ile akibeba kuni. Wiki mbili Issack hakupita mtaa huu. Nilidhani tumekosana kwa maisha. Nilikuwa tayari kwa hilo, lakini sikulipenda, maana ni ndugu wa Abdikarim na wana sauti moja.

Hooyo mwambie nimekula tende zake zote. Nasteho mwambie Ramlo amepata shoka na sasa anachanjia nyumba tatu. Mnara wameutengeneza juzi. Utanipata kwenye simu, lakini barua usiache. Wewe nakusalimu kwa moyo, na ule msamaha niliosema bado, sasa tayari.

Jana saa nne Issack aliingia. Kila alipokuja zamani alipita moja kwa moja nyuma, jikoni, kama mwenye nyumba. Jana aliketi mbele, kwenye benchi, kati ya dereva mmoja na mchuuzi wa ngozi, akaagiza chai kama wao. Nikamletea. Akaonja.

"Sukari haitoshi," akasema.

"Wenzako hawajalalamika."

Akawatazama wenzake, nao wakatazama vikombe vyao. Akacheka kidogo. Nikamwongezea kijiko kimoja, nikaenda kumhudumia aliyefuata.

Dada yako,
Safiyo